Mnatuambia tupikie umeme, basi njooni muone soketi zetu: barua ya wazi kutoka Mbeya

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia umeme, viwango vya bidhaa, zimamoto na nyumba za watu, kuanzia wizarani mpaka hapa Jiji la Mbeya

Yah: usalama wa vifaa vya umeme jikoni

Waheshimiwa shikamooni, na kwa wale tunaolingana umri habari za kazi na poleni na majukumu.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Mbeya mjini, mtaa wenyewe naomba nisiutaje kwasababu nyumba nitakazozisema zina wenyewe na sitaki mtu ajisikie nimemuanika. Pia ni mama wa familia, napika kila siku kama wenzangu. Hii kazi ya ujumbe inakuingiza majikoni kwa watu kuliko mtu yeyote wa ofisini, ukienda kwenye msiba unaingia jikoni, ukienda kusuluhisha mpangaji na mwenye nyumba unaishia jikoni maana ugomvi wa luku ndo huko unakoanzia, ukipita na watu wa chanjo unamkuta mama yupo jikoni. Kwahiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu na kimenikaa rohoni muda mrefu.

Naanza na shukrani kwasababu mnastahili. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zikaambiwa ziachane na kuni na mkaa, mitungi ya gesi ya kilo 6 ikaanza kutolewa kwa ruzuku kupitia REA, wale Wakala wa Nishati Vijijini, na Bwawa la Nyerere nalo limejengwa la megawati 2,115, kwahiyo mnaposema tupikie umeme mnasema mkiwa na umeme wenyewe mkononi. Mimi naunga mkono, tena kwa mtu wa Mbeya hili jambo lina faida kuliko hata kwa mtu wa Dar. Huku mjini tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na kadri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo, Dar yanachemka kwenye nyuzi 100 sisi ni kama 94 hivi. Ndo maana maharage yetu yanakaa motoni mpaka unaongeza mkaa mara ya pili na bado ukibonyeza unakuta kiini kigumu. Presha kuka ya umeme inafungia mvuke ndani, joto linapanda kupita hizo nyuzi 100, maharage yaliyolowekwa yanaiva chini ya saa moja na umeme uliotumika haufiki uniti moja. Nimewaona kina mama wa kikundi chetu cha vikoba wakizinunua kwa mkopo na wakifurahia, hawataki tena kurudi kwenye mkaa.

Kwahiyo msinisome kama mtu anayepinga umeme jikoni. Ninachosema ni kwamba jiko limefika kabla ya nyumba kuandaliwa, na hatari yote imeachwa kwa mama anayepika, wakati yeye sio aliyefanya wairingi, sio aliyeingiza bidhaa nchini na sio mwenye nyumba.

Nyumba nyingi za kupanga, iwe Ilemi, Iyela, Simike, Isanga, Ilomba mpaka huko Uyole na Mbalizi, wairingi ilifanyika miaka ambayo umeme ulikuwa wa taa, redio na pasi ya Jumapili. Chumba kimoja soketi moja, na hiyo moja ipo upande wa kitanda. Jikoni, kama jiko lenyewe lipo, hakuna soketi kabisa, kuna holda ya taa tu, na mtu akitaka kupika anaweka adapta kwenye holda anachomeka jiko humo humo. Waya wa taa haukuwekwa kwa ajili ya jiko. Kawaida fundi anaweka waya wa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5, kwenye taa na wa 2.5 kwenye soketi, na jiko kubwa linatakiwa lipate waya wake peke yake mnene zaidi, wa 6. Sasa fikiria waya wa 1.5, tena wa zamani, tena umepita kwenye dari yenye mbao na mifuko ya nailoni na panya wanautafuna, unabebeshwa jiko la pleti la wati 1,500 kila siku asubuhi na jioni.

Na hapo ni kwa aliyekosa soketi, aliye nayo anachomeka ekstensheni. Hesabu yenyewe sio ngumu na ningetamani mngeifundisha redioni kama mnavyotufundisha kunawa mikono. Soketi yetu ya pini tatu imetengenezwa kubeba ampea 13, umeme wetu ni volti 230, ukizidisha unapata wati 2,990, huo ndo mwisho wake ikiwa nzima na waya wake mzuri. Jagi la umeme peke yake linaweza kuwa wati 2,000. Jiko la pleti 1,500. Tayari ni 3,500 na presha kuka ya wati 1,000 bado hujaiweka. Lakini mama anaponunua ekstensheni anaona matundu manne, na matundu manne yanamwambia vifaa vinne vinaruhusiwa, hakuna aliyemwambia kwamba yote yanavuta kwenye plagi moja na waya mmoja. Alafu waya wenyewe wa hizi ekstensheni za bei ya chini, ganda limenenepa lakini ukilikata ndani nyuzi ni chache, na zingine sio shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ukikwangua na wembe unaona weupe. Huo waya unaozidi huwa umekunjwa mzingo ukasukumwa nyuma ya ndoo ya unga ambapo joto halina pa kutokea. Ukiushika wakati wa kupika unakuta wa moto, na watu wameshazoea, wanasema ndo kawaida yake ukipika. Sio kawaida. Waya ukiwa wa moto umezidiwa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kwenye hili la pini maana naona ndo limekaa vibaya kuliko yote na ndo ambalo mngeweza kulimaliza haraka. Ingieni duka lolote la vifaa vya umeme Mwanjelwa au Kabwe, chukua jagi, blenda, jiko la pleti, angalia plagi yake, nyingi zina pini mbili za mviringo. Soketi zetu ni za matundu matatu bapa, na yale mawili ya chini yana kifuniko kwa ndani ambacho kinafunguka pale tu pini ndefu ya juu inapoingia, waliotengeneza waliweka hivyo ili mtoto asichomeke msumari. Pini mbili haziwezi kufungua. Kwahiyo kila nyumba ina kalamu ya biki, au kijiti cha kiberiti, au mpini wa kijiko cha plastiki, inasukumwa tundu la juu, kifuniko kinafunguka, pini mbili zinasukumwa kwa nguvu. Nimeona mtoto wa darasa la pili anafanya hivyo kwa ustadi kabisa akitaka kuchemsha maji ya kuoga, mama yake yupo nje anafua, na siku biki ikikosekana atatumia msumari au kisu. Pini ya mviringo haikai sawasawa kwenye tundu bapa, inacheza, ikicheza inatoa cheche, pakiwa na cheche panapata joto, ndo unaona soketi zote zimeungua zimekuwa nyeusi pembeni na plastiki imejikunja. Na tundu la juu ambalo limezibwa na biki ndo tundu la ethi. Ile njia ya kuuondoa umeme unaovuja usimpate mtu imezibwa na kalamu. Kuna oveni na majiko ya bati yanakuja na plagi kubwa ya mviringo ambayo ethi yake ipo pembeni, ukiisukuma kwenye soketi yetu inawaka vizuri kabisa na unapika, lakini ethi haijagusa popote, bati lote ulilolishika halina kinga.

Mimi swali langu kwa wenzetu wa viwango ni rahisi. Bidhaa inayouzwa Tanzania kwa nini isije na plagi inayoingia kwenye soketi ya Tanzania? Mzigo unakaguliwa kabla haujapakiwa huko unakotoka, ule utaratibu unaoitwa PVoC upo, kwanini plagi isiwe kitu cha kwanza kuangaliwa? Mwagizaji anayeleta makontena hawezi kushindwa kuagiza waya wenye plagi sahihi. Mama aliyenunua jagi la elfu kumi na tano ndo anaachiwa atafute adapta ya elfu mbili, nayo adapta yenyewe haina fyuzi ndani. Ofisi ya TBS, yaani Shirika la Viwango, ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo hapa hapa Mbeya, kutoka hapo kwenda Mwanjelwa ni daladala moja, naomba mfike na mpite duka kwa duka, na msiishie kumnyang'anya mmachinga ekstensheni zake tano, fuateni mpaka kwa aliyemuuzia jumla.

Kuna jambo lilitokea mtaani kwetu kipindi cha baridi, na nyie mnajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku ilivyo, saa kumi na mbili asubuhi kila nyumba inachemsha maji, watoto wanaenda shule, baba anaenda kazini, umeme wote unavutwa kwa wakati mmoja. Nyumba moja yenye wapangaji, dada mmoja alikuwa na jagi na presha kuka kwenye ekstensheni moja juu ya meza ya mbao karibu na pazia. Plastiki ya ekstensheni ikaanza kuyeyuka, kukawa na ile harufu ya samaki ambayo plastiki ya umeme inatoa ikiungua, yeye akadhani ni dagaa wa jirani. Alipogeuka moto ulikuwa umeshashika pazia. Akapiga kelele, wapangaji wakatoka, mmoja akaja na ndoo ya maji na bahati nzuri mama mmoja mtu mzima akamkamata mkono, akamwambia usimwage maji umeme haujakatwa. Sasa wakakimbilia kukata meni swichi. Meni swichi ipo sebuleni kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba kasafiri Tukuyu, mlango umefungwa na kufuli. Waheshimiwa, walivunja mlango kwa nyundo huku moto unawaka chumba cha pili. Ndo wakakata, ndo wakamwaga maji. Yule dada aliungua mkono na meza na nguo zikaisha, mtoto alikuwa ameshatolewa nje.

Mwenye nyumba aliporudi alidai mlango wake. Tulipopeleka taarifa ofisi moja wakatuambia mambo ya ndani ya nyumba hayawahusu, ofisi ya pili wakatuambia turudi ile ya kwanza. Na yule dada, kila aliyekuja kumpa pole alimwambia uwe makini siku nyingine. Awe makini na nini? Chumba kina soketi moja, plagi aliyouziwa ndo hiyo, swichi ya kujiokoa imefungiwa kwenye chumba ambacho hana ufunguo wake. Huyu dada alikuwa anafanya kile kile ambacho matangazo yenu yanamwambia afanye.

Ndo maana naiomba Halmashauri ya Jiji, na halmashauri za wilaya zote za mkoa na hata wenzetu wa Iringa, Njombe na Songwe maana nyumba ni zile zile, iwe sharti kwa nyumba ya kupangisha kwamba meni swichi ifikiwe na kila anayelala humo, usiku na mchana, bila ufunguo wa mtu. Hilo halihitaji bajeti. Mwenye nyumba akishindwa kuihamisha basi aweke swichi nyingine ya kukatia upande wa wapangaji. Sisi wajumbe tupo tayari kupita nyumba kwa nyumba kuangalia, tunazijua zote.

Niende kwenye ethi. Ukitembelea nyumba huku utakuta mbele ya friji pameachwa ndala. Mgeni akitaka maji anaambiwa vaa hizo ndala kwanza, hilo friji linapiga kidogo. Hiyo "kidogo" watu wanaishi nayo miaka. Friji kupiga maana yake umeme umevuja ukafika kwenye bati na hauna njia ya kwenda ardhini, unamsubiri mtu mwenye miguu peku kwenye sakafu yenye maji awe yeye njia. Na jikoni sakafu ina maji muda wote. Sasa ethi zetu zikoje? Nyumba zingine haikuwekwa kabisa, waya wa kijani na njano umekatwa ukakunjwa ndani ya boksi la soketi. Zingine ilichimbwa fimbo fupi kwasababu fundi alikutana na mwamba akaona uvivu akaikata. Zingine ilikuwepo ikaibiwa, maana shaba inauzika kwa wanunuzi wa skrepa, unakuta kipande kinaning'inia ukutani nje. Na hata ile nzima, kiangazi ardhi ikikauka kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zianze inapungua nguvu, inabidi imwagiwe maji pale shimoni, nani anayajua haya? Hakuna anayekuja kupima tena baada ya siku ya kuunganishiwa umeme.

Kuna watu wataniambia si kuna sakiti breka. Naomba hili nalo mlitangaze kwa lugha nyepesi kwasababu limewadanganya wengi. Breka ya ampea 20 inalinda waya usiungue, hailindi mtu. Ampea 20 ni miliampea 20,000, na umeme wa miliampea 30 tu ukipita kifuani kwa mtu unatosha kumfikisha pabaya. Mtu anaweza kufa amegandia kwenye jiko na breka ikaona kila kitu kipo sawa. Kifaa kinachomlinda mtu ni kile mafundi wanachokiita RCD, kinapima umeme unaoenda na unaorudi, ukipungua kwa miliampea 30 kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Na siku hizi hata breka zenyewe zinachezewa, mpangaji akilalamika breka inaruka kila akipika, fundi anamwambia hii ndogo inasumbua nakuwekea kubwa, anatoa ya 20 anaweka ya 40 kwenye waya ule ule. Breka haisumbui tena. Sasa hivi waya ndo utakaoungua kabla breka haijajua.

Hao mafundi ndo vishoka wetu, na siwalaumu wananchi kuwatumia. Fundi wa umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, lakini muulize mtu yeyote hapa Soweto au Mafiati kama amewahi kumuuliza fundi leseni, atakushangaa. EWURA nawaomba kitu kidogo sana, karatasi. Majina ya mafundi wenye leseni waliopo Mbeya, daraja la leseni yake na namba ya simu ya kazi, ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa karibu na tangazo la taka. Anayejua kutumia mtandao atatafuta mtandaoni, mama yangu mzazi hatatafuta, ataniuliza mimi mjumbe na mimi nataka niwe na cha kumjibu.

Kuhusu vitu vya matumizi ya kila siku sitaongea sana kwasababu vijitabu vipo, ila vinakuja vimeandikwa Kichina na Kiingereza. Presha kuka usijaze kupita theluthi mbili na maharage usipite nusu maana yanatoa povu linaziba tundu la mvuke, usilazimishe mfuniko mpaka kile kipini kishuke chenyewe, sufuria la ndani unaliosha lakini lile umbo la nje lenye umeme halizamishwi kwenye beseni. Jagi lichomoe kabla hujamimina. Mafuta yakishika moto funika na mfuniko, usimwage maji. Mtu akinaswa na umeme usimshike, zima kwanza, ukishindwa msukume kwa mti mkavu. Mistari kama hii ingekaa kwenye kikaratasi cha Kiswahili ndani ya kila boksi linalouzwa nchini watu wangepona, na sioni ugumu wake.

Ila hita ya kuchovya lazima niiseme kwasababu ya wanafunzi. Mbeya imejaa vyuo, MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, ipo Iyunga, Mzumbe wapo, na vijana wengi wanaishi mageto, chumba kimoja hakina jiko wala bafu la maji ya moto, na ile koili ya kuchovya kwenye ndoo ni elfu chache tu. Inachovywa kwanza ndo inachomekwa, na inachomolewa kabla ya kugusa maji, kabla hata ya kuweka kidole kuona kama yamepata moto. Kijana anayewahi kipindi saa moja asubuhi kwenye baridi ya Iyunga anagusa kwanza. Vyuo vingeweza kulisema hili wiki ya kwanza ya kila mwaka wa masomo, pamoja na mengine mnayowaambia wageni, isichukue hata dakika kumi.

Na gesi. Mmetupa mitungi na mmetuhimiza umeme, vyote viwili vinakaa chumba kimoja cha hatua tatu kwa nne. Soketi inayotoa cheche juu ya mtungi unaovuja, hapo hatuongelei tena kuungua pazia. Wanaogawa mitungi na wanaohamasisha umeme naona kila mmoja anakuja na gari lake na siku yake, kwanini msije pamoja mkaliangalia jiko moja kwa ujumla wake?

Ndugu zetu wa Zimamoto, nyie mnafanya kazi ngumu na vichochoro vyetu havipitishi gari, hilo tunalijua na ni kosa la mipango ya mji sio lenu. Sisi Mbeya moto tunaujua, soko la Mwanjelwa liliungua 2006, soko la Sido likaungua 2017, kuna watu mpaka leo hawajasimama tena kibiashara. Namba yenu ya dharura 114 naomba ibandikwe mpaka kwenye milango ya vyoo vya stendi. Lakini ombi langu kubwa kwenu ni jingine. Nyumba ikiungua tunasikia chanzo ni hitilafu ya umeme, basi, habari imeisha. Tuambieni hitilafu gani. Ilikuwa ekstensheni? Ilikuwa jiko la pleti lililosahaulika umeme ulipokatika ukarudi usiku watu wamelala? Ilikuwa soketi ya pini mbili? Mkitoa taarifa ya mwaka ya mkoa yenye hayo mambo, bila majina ya watu, TBS watajua wakamate nini madukani na sisi wajumbe tutajua tuseme nini kwenye mikutano.

Shirika la umeme mtaniambia mnaishia kwenye mita, na nyumba ni ya mwenyewe. Sawa, lakini mnaotuhimiza tupikie umeme ni nyie pamoja na wizara, na uniti tunazopikia mnauza nyie. Fundi wenu akija kubadilisha mita au kuunganisha mteja, apime ethi ya hiyo nyumba, aandike kwenye karatasi ipo au haipo, nakala moja kwa mwenye nyumba na nyingine ofisi ya mtaa. Simuombi aitengeneze.

Hela ya kutengeneza itatoka wapi? Hapa ndo naomba wakubwa wa wizarani mkae chini. Tangu 2021 kodi ya jengo mnaikata kwenye luku, kidogo kidogo kila mwezi, na wapangaji wengi ndo wanaoilipa japo jengo sio lao. Kwahiyo njia ipo na inafanya kazi. Njia hiyo hiyo ingeweza kubeba mkopo wa matengenezo, fundi mwenye leseni anaweka ethi, RCD moja na soketi mbili nzima za jikoni zenye waya wake, gharama inakatwa kidogo kidogo kwenye luku ya mwenye nyumba mpaka iishe. Wenye nyumba wengi huku ni wastaafu na wajane, sio watu wabaya, ukimwambia atoe laki kadhaa kwa mkupuo hana, ukimwambia elfu chache kwa mwezi atakubali.

Na wakaguzi msiseme hawapo. VETA ipo hapa Mbeya, MUST wanafundisha uhandisi wa umeme, kila mwaka vijana wanahangaika kutafuta sehemu za kufanyia field mpaka wanaomba ofisi ambazo wakifika wanatumwa kununua vocha. Wapeni mtaa mmoja mmoja, wawili wawili na msimamizi mwenye leseni, wapime ethi, wakague ekstensheni, wazibe holda zinazopikiwa, wajifunze kazi na nyumba zetu zipone. Mtaa wetu mimi naandaa orodha ya nyumba na nitawatembeza mwenyewe.

Kuna wenye nyumba ambao nimeshaongea nao na wamekubali milango ifunguliwe na mameni swichi yaangaliwe, akiwemo yule aliyevunjiwa mlango. Mkutano wa mtaa unaofuata nimeshaomba nafasi kwa mwenyekiti kwa ajili ya jambo hili na ameikubali. Naomba atoke mtu mmoja upande wa umeme, mmoja upande wa viwango na mmoja Zimamoto, waje kabla mwezi wa sita haujaingia, waje na kipimo cha ethi na wakae mpaka maswali yaishe. Barua yenye muhuri wa mtaa nitaileta ofisini kwenu kwa mkono.

Naomba kuwasilisha.

Mjumbe wa serikali ya mtaa, Mbeya